Nampenda, Ila Raundi ya Pili

Foleni ya Jumanne ile ilianzia mlangoni mwa duka la mikate la Kipolandi, ikapita kwa kinyozi, ikapita benki, ikakata kona ya mtaa wa Lagrange. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu, na hakuna mtu wa upande wa kaskazini wa Toledo anayekubali kuingia Kwaresima kabla hajala ponchki, yale maandazi manono yaliyojazwa jemu. Theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Watu walikuwa wakipiga miguu chini, wakipuliza vidole, na wakiisengenya timu.

Timu yenyewe ilistahili. Wapuliza Vioo wa Toledo, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wamecheza michezo kumi na saba msimu ule wakashinda miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili wapinzani waliugua mafua karibu kikosi kizima. Kuburura mkia kuna faida moja tu: mwezi wa Aprili, ligi inapogawa vijana wapya kutoka vyuoni, wa mwisho ndiye anayechagua kwanza. Basi tangu Januari mji mzima ulikuwa na swali moja mdomoni. Tumchukue nani?

“Colton Vance,” Rima Abowd alikuwa akimwambia mama mmoja asiyemjua aliyesimama mbele yake. “Hapana cha kufikiri, mama. Kwotabeki ndiye mshika usukani. Gari bila dereva ni banda la kuku.”

Rima alikuwa na miaka thelathini na tisa, nywele nyeusi alizozifunga kitambaa cha njano, na midomo ya rangi nyekundu isiyoogopa baridi. Alikuwa na duka lake la fatayer, mikate ya Kilebanoni ya nyama na spinachi, mitaa minne kutoka hapo, lakini ponchki hakutengeneza. Alisema kila kabila na mafuta yake. Juu ya koti zito alikuwa amevaa jezi ya timu, ya samawati, kama wafanyavyo wenye mji. Mgongoni, pale pa jina la mchezaji, palikuwa na plasta nyeupe juu ya plasta, kila moja imeandikwa jina la kwotabeki aliyekuja, akashindwa, akaondoka. Zilikuwa plasta tisa.

“Hiyo ya tisa inabanduka, dada,” sauti nzito ikasema nyuma yake, na kidole kikaibonyeza.

Rima aligeuka kama aliyeungua. “Wewe, foleni hii ni ya kushika migongo ya watu?”

“Nimeshika plasta. Mgongo sijaugusa.” Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu, mwenye ndevu zenye chembe za theluji na viganja vipana vilivyochubuka. “Na huyo Vance wako andaa plasta ya kumi kabisa.”

“Eti nini?”

“Hao tisa unajua kwa nini walishindwa? Hawakuwa na ukuta mbele yao. Unamleta kijana wa watu, unamsimamisha uwanjani bila walinzi, majitu ya kilo mia na hamsini yanamlalia. Utamlaumu? Kwanza ukuta, dada. Dereva baadaye.”

“Haya, profesa. Ungekuwa wewe?”

“Chaguo la kwanza naliuza kwa timu yenye haraka. Wananipa machaguo matatu ya chini. Najenga ukuta. Kwotabeki namwokota raundi ya pili, kila timu ikishachagua mara moja.”

“Raundi ya pili!” Rima alipiga ukelele mpaka foleni nzima ikageuka. “Raundi ya pili ni makombo!”

“Makombo ya karamu nayo ni chakula.”

“Kwenu labda!”

Watu wakacheka. Yule mama wa mbele akasema hawa wawili ama wapigane ama waoane, lakini wasogee, foleni inatembea.

Walisogea wakibishana. Ilipofika zamu yao, mezani lilikuwa limebaki sanduku moja. Wakatazamana. Mwanamume akalipia, akamkabidhi Rima lote, kisha akaandika namba yake ya simu kwenye kifuniko.

“Thad Gorski. Fundi wa matofali ya tanuri za vioo. Ukimaliza ya jemu ya plamu, nipigie uniambie nusu yangu nakuja kuichukua lini.”

Rima alipiga kabla jua halijazama. Asingizie ponchki, asisingizie, yeye mwenyewe alijua alichokuwa anakitaka.

Kwaresima ile ikawa tamu kuliko sikukuu. Kila Ijumaa walikutana kwenye ukumbi wa parokia, penye samaki wa kukaanga na saladi ya kabichi, wakabishana mpaka siki ikamwagika. Na kila alfajiri, kwa kuwa mwoka mikate na fundi wa tanuri wote ni watu wa kuamka na giza, simu iliita.

“Umeamka, Bibi Mkate?”

“Unga wangu umeshaumuka mara mbili, Fundi. Wewe ndio unajinyoosha?”

“Nimekuota.”

“Nikifanya nini?”

“Ukinifokea. Ulivaa jezi na ndara.”

“Basi ni ndoto ya kweli. Umeisikia habari ya Vance? Amerusha mpira mita sitini akiwa amepiga goti moja.”

“Akirusha amelala chali ndio nitashangaa, maana kwetu ndivyo atakavyokuwa, chali. Kunywa chai, laazizi. Nakuja jioni.”

Rima alikuwa anacheka peke yake dukani, mikono ndani ya unga hadi viwiko. Baba yake, mzee Elias, aliyekaa karibu na joto la oveni akisoma gazeti, alikuwa anaona kila kitu.

Lakini kicheko kina kivuli chake. Rima alikuwa ameolewa miaka kumi na mwanamume ambaye kwake kila kitu kilitangulia, kazi, marafiki, gari, na mwishowe mwanamke wa Arizona. Aliachwa akiwa na duka, goti la kushoto lililovunjikia kwenye barafu siku ya kuhamisha vitu, na nadhiri moja: hatakuwa tena makombo ya mtu. Thad naye alikuwa mjane. Denise, mke wake, alifariki miaka sita nyuma, na picha yake ilikuwa bado mlangoni mwa jokofu, anacheka, kofia ya timu kichwani. Rima hakuionea wivu picha ile. Alichotaka kujua ni kama nyumba ile ina nafasi ya mtu, au ina nafasi iliyobaki tu. Na Thad, kila mazungumzo yalipofika hapo, alikuwa anakwaruza ndevu na kusema, “Taratibu, mpenzi. Kwanza ukuta.”

Wiki mbili baada ya Pasaka, Thad alimwalika kwake kwa supu. Siku ya Uteuzi, ile ya kugawa vijana wa vyuoni, ilikuwa inakaribia, na ukumbi wa parokia una mila yake: kila mtu huandika jina la atakayechaguliwa kwanza, analifunga kwenye bahasha, na Sista Ludmila anazifungua mbele ya watu usiku huo. Mshindi huivaa helmeti ya ngozi ya mwaka arobaini na saba. Kwa hiyo mwezi wa Aprili watu wa mtaa ule hawaaminiani. Mume humficha mke jina lake, ndugu humficha ndugu.

“Nishukie chini uniletee chupa ya achari ya matango,” Thad alisema akikoroga sufuria. “Na usiangalie ubao wangu!”

“Nani ana shida na ubao wako?”

Aliuangalia, bila shaka. Ulikuwa umejaa ukuta mzima wa chumba cha chini, kadi kwa kadi, majina kamili kwa wino mweusi: Colton Vance, Marcus Tolbert, Deshay Pruitt, na chini ya kila jina sifa na kasoro zake. Rima alicheka, akanyoosha mkono kwenye rafu ya achari. Nyuma ya chupa kulikuwa na kadi moja peke yake, imegeuzwa. Akaigeuza.

*R.A. Haogopi mtu. Mkono wa nguvu. Mdomo mwingi, hanyamazi. Goti la kushoto bovu. Umri umesogea. Aliachwa kule alikoanza. Nampenda sana, ila si wa kwanza. Raundi ya pili.*

Aliisoma mara moja. Akaisoma tena, taratibu, kidole kikifuata mstari. R.A. Rima Abowd. Wengine wote wamepewa majina, yeye amepewa herufi na amefichwa nyuma ya matango.

Mwanamke mwingine asingedhani hivyo. Lakini Rima alimjua mtu wake: Thad alikuwa anawapima watu wote kwa kipimo hicho. Padri mpya alishamwita mlinzi mzuri asiye na kasi, na shemeji yake mchezaji wa akiba. Na kila neno kwenye kadi lilikuwa kweli, ndilo lililomuuma. Hata lile la “nampenda sana.”

Alipanda ngazi moja moja, akaweka achari mezani.

“Goti linaniuma. Naenda nyumbani.”

“Sasa hivi? Supu je?”

“Kunywa na wa kwanza wako,” alisema, lakini kwa sauti ya chini mno, na sufuria ilikuwa inatokota.

Siku tisa simu iliita alfajiri na haikupokelewa. Siku ya kumi Rima aliipokea, kwa sababu mzee Elias alikuwa amechoka kuisikia na ameiweka mkononi mwake.

“Rima! Mpenzi, nimekukosea nini?”

“Hujakosea. Wewe nenda kamtafute wa raundi ya kwanza unayemtaka.”

Upande wa pili palisikika pumzi ndefu ya nafuu. “Ah! Kumbe ni hilo! Nikadhani jambo. Mpenzi wangu, si nilishakueleza? Wa raundi ya kwanza ni gharama na presha tupu. Mimi wa raundi ya pili ananitosha kabisa. Unampata bila kugombania.”

“Bila kugombania.”

“Ndiyo! Kwani nani mwingine anamtaka?”

Rima alikata simu, akaiweka ndani ya debe la unga, akafunika.

Siku ya Uteuzi ilifika, na Rima alikuwa na oda ya masinia manne ya fatayer kwa ajili ya ukumbi. Alisema atamtuma mtu.

“Utamtuma nani?” mzee Elias aliuliza. “Mimi? Ukumbi ule umeanza kuuendea ukiwa na miaka saba, umekaa mabegani kwangu. Leo mwanamume wa matofali akutoe? Vaa, binti yangu. Vaa vizuri, akuone alichokosa.”

Akavaa. Gauni jeusi lililomkaa, hereni za dhahabu za mama yake, midomo ile ile nyekundu, na juu ya yote jezi yenye plasta tisa. Mfukoni aliweka roli ya plasta na kalamu, maana mapenzi ni mapenzi na timu ni timu.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Bia, samaki, watoto chini ya meza, na ukutani televisheni kubwa yenye saa inayorudi nyuma: timu ina dakika kumi za kuchagua, zaidi ya hapo zamu inapita. Thad alikuwa amesimama karibu na nguzo, amenyoa ndevu, amekonda. Alimtazama Rima. Rima akaangalia fatayer.

“Uzeni chaguo!” mmoja alipiga kelele.

“Vance! Vance! Vance!” wengine wakaitikia.

Saa ilifika dakika mbili. Mkuu wa ligi akapanda jukwaani na kadi mkononi.

“Kwa chaguo la kwanza, Wapuliza Vioo wa Toledo wanamchagua Rudy Amundson, kwotabeki.”

Kisha mtu akauliza, kwa unyonge kabisa, “Nani?”

Hapo ndipo zomeazomea ilipoanza. Watu walirusha kofia. Baba mmoja mzima alilala chini sakafuni akakataa kuamka. Na juu ya makelele yote, mtangazaji wa televisheni alikuwa anaeleza, akihesabu kwa vidole:

“Wengi hawamjui. Ana mkono wa nguvu sana. Haogopi mtu. Anaongea mno, hanyamazi hata akilala. Goti lake la kushoto lilifanyiwa upasuaji. Ana miaka ishirini na sita, kwa kijana wa chuo umri umesogea. Na chuo chake cha kwanza kilimwacha. Wataalamu wote walimweka raundi ya pili.”

Rima alikuwa ametia fatayer nzima mdomoni. Alisahau kutafuna.

Kwenye televisheni kijana mwenye nywele za shaba alikuwa amemkumbatia mama yake, analia bila aibu. Wakamwekea kipaza sauti. “Chuo kiliniacha, goti likaniacha,” alisema. “Kila mtu aliniambia, unapendwa, ila subiri. Nimesubiri mpaka nimechoka. Leo nimeitwa wa kwanza. Toledo! Mimi naongea sana, mtanizoea! Washeni tanuri!”

Zomeazomea ikapungua, ikafa. Yule baba wa sakafuni akaketi. Mmoja akapiga makofi, kisha wawili, kisha ukumbi wote ukaruka, watu wanapiga meza, “Washa tanuri! Washa tanuri!” Machozi yalikuwa yanamtiririka Rima mpaka kwenye jezi, na hakujua ni ya nani, ya kijana yule au ya kwake.

Sista Ludmila, mtawa wa miaka themanini na mbili asiyesahau takwimu hata moja, alikuwa ameshapanda kwenye kiti na rundo la bahasha. “Vance,” alisoma, akatupa. “Vance. Tolbert. Vance. Vance, na makosa ya herufi.” Akafika bahasha moja, akainua miwani. “Haya, tuna mshindi! ‘R.A., wa kwanza. Nilikuwa mjinga kumweka wa pili. Ukimtaka mtu, usimsubirishe.’ Thaddeus Gorski, njoo uvae helmeti yako!”

Thad hakwenda kwenye helmeti. Alikwenda kwenye fatayer.

“Unaona?” alisema. “Nilipoona hupokei simu, nilirudi kwenye ubao. Nikasema wewe ulisema kweli tangu kwenye foleni. Vance siye, lakini kwotabeki ni wa kuchukuliwa kwanza, kama ulivyosema. Kwa hiyo nimekubali, Rima. Umeshinda. Sasa nambie, mtu anakasirikia mpira siku ishirini?”

Rima alimeza. “Hiyo R.A. ni Rudy Amundson?”

“Sasa awe nani? Ndiye siri yangu ya mwaka huu.”

“Goti la kushoto, Thad. Mdomo mwingi. Umri umesogea. Aliachwa alikoanza.” Akajigonga kifua. “Na mimi naitwa nani?”

Rangi ilimtoka Thad usoni pole pole, kuanzia masikio.

“Achari,” alisema.

“Achari.”

“Na mimi kwenye simu nikakwambia...”

“Bila kugombania.”

“‘Kwani nani mwingine anamtaka.’ Mama yangu mzazi!” Akashika kichwa kwa mikono miwili. Meza za karibu zilikuwa zimeacha kula ili zisikie, na sasa zikaangua kicheko. Sista Ludmila akazifyonya zinyamaze.

Rima hakucheka. “Nisikilize, Fundi. Mimi nimeshakuwa makombo ya mtu, sirudii. Denise alikuwa wa kwanza wako, Mungu amrehemu, sishindani naye. Lakini nataka kujua mimi nasubiri nini.”

Thad alishusha mikono. Alisema polepole, kama mtu anayepanga tofali, anayejua likikaa vibaya ukuta wote unaharibika.

“Denise alikuwa msimu wake, na ulikuwa msimu mzuri. Kila Uteuzi una wa kwanza wake, Rima. Huu ni mwingine, na chaguo ninalo moja. Siliuzi. Sishuki. Wewe si wa pili wa mtu yeyote.”

“Na ukuta?”

“Tutajenga tukiwa ndani.”

“Gorski!” Sista Ludmila alipaza sauti kutoka juu ya kiti. “Saa inakwenda! Una dakika kumi!”

“Sizihitaji, Sista!” Alijipapasa mifuko yote, akatoa futikamba, penseli, na tiketi ya samaki. Pete hakuwa nayo, angeitoa wapi? Rima akaingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa roli ya plasta aliyoileta kwa ajili ya jina la kumi, akampa. Thad akachana kipande chembamba.

“Wiki kumi na moja tu wanajuana!” mama mmoja alinong'ona.

“Wiki kumi na moja nyingi,” mzee Elias akamjibu. “Mimi mama yake nilimwona mara mbili.”

“Magoti! Magoti!” ukumbi ulikuwa unaimba, meza zinapigwa, na mpaka yule baba wa sakafuni alikuwa amesimama juu ya benchi. Thad akasita, akamwangalia Rima, maana alikuwa anajua tabia yake ya kufanya mambo kabla ya wengine.

Rima akamnyooshea kidole cha pete, machozi na rangi ya midomo vimechanganyika, anacheka kama aliyeshinda michezo yote kumi na saba.

“Piga wewe,” alisema. “Langu bovu, kadi imeshasema.”